Sikio Kabla ya Sauti

Swali la ununuzi aghalabu huhesabiwa kuwa swali la mfuko. Mtu hutazama alichonacho, hutazama bei, kisha huchagua. Lakini vipo vyombo ambavyo kuvichagua ni kuchagua pia namna ya kukaa na watu, na miongoni mwake ni mitambo ya redio ya ridhaa. Anayeanza shughuli hii, akiwa na leseni mkononi na akiba ndogo aliyoikusanya kwa miezi, hukuta mbele yake vitu vitatu vya kununua: mtambo wa kupokea na kurusha, antena, na amplifaya ya kuongeza nguvu. Ni nadra fedha kutosha vyote vitatu. Aanze na kipi, na fedha nyingi azitie wapi? Jibu lake litaeleza, kabla hajatamka neno moja hewani, kama amekuja kusikiliza au amekuja kusikilizwa.

Redio ya ridhaa si redio ya utangazaji. Haina studio, haina matangazo ya biashara, wala haina umma wa wasikilizaji waliokaa kimya upande wa pili. Ni watu binafsi waliopewa leseni na serikali zao, na kwa Tanzania anayeitoa ni Mamlaka ya Mawasiliano, wakazungumza wao kwa wao kwa sauti, kwa alama za Morse au kwa kompyuta, katika masafa waliyotengewa. Kila mmoja ana alama yake ya wito. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya na 5Z, na Zanzibar kabla ya mwaka 1964 ilikuwa na yake, VQ1. Kanuni za kimataifa zinaifasili shughuli hii kuwa ni ya kujifunza, ya kuwasiliana na ya kuchunguza ufundi, ifanywayo na mtu kwa hamu yake mwenyewe bila ya kutafuta faida ya fedha.

Kiswahili kilipolichukua neno ridhaa na kulitumia kwa michezo isiyo ya malipo, kilifanya zaidi ya kutafsiri. Neno la Kifaransa, amateur, linamtazama mtu na kitu akipendacho, na hapo limekoma. Ridhaa ina milango mitatu. Wa kwanza ni hiari: mtu anafanya kwa kutaka kwake, hakutumwa wala hakuajiriwa. Wa pili ni idhini ya wengine: posa haikamiliki bila ya ridhaa, wala mtu haingii ukumbi wa watu bila ya kuitikiwa hodi yake. Wa tatu ni kutosheka: aliyeridhika ni yule aliyepata kadiri yake akatulia. Mwanaredio wa ridhaa huingia kwa urahisi kupitia mlango wa kwanza, kwani hamu ndiyo iliyomleta. Mtihani wake umo katika hiyo miwili iliyobaki, na unaanza siku ya kwenda dukani.

Kwanza ni hesabu, maana nasaha isiyojua hesabu haimsaidii mnunuzi. Mitambo mingi ya kawaida ya mawimbi mafupi hurusha wati 100. Vipokezi vina mita inayopima nguvu ya ishara iliyofika, kuanzia daraja la kwanza hadi la tisa na zaidi, na kwa kipimo kilichokubaliwa tofauti ya daraja moja ni desibeli 6, yaani nguvu iliyozidishwa mara nne. Basi anayetaka kupanda daraja moja tu katika mita ya mwenziwe, hana budi kutoka wati 100 aende 400. Akitaka daraja la pili, atoke 400 aende 1,600, na hapo ameshapita hata wati 1,500 ambazo ni kikomo cha sheria ya Marekani. Atakuwa amenunua amplifaya ambayo huenda bei yake ikazidi ya mtambo wenyewe, ameongeza gharama ya umeme, na faida yake yote ni madaraja mawili. Kinyume chake, anayeshuka kutoka wati 100 hadi wati 5 hupoteza madaraja mawili na kidogo. Aliyekuwa akipokelewa kwa daraja la saba atapokelewa karibu na la tano. Sauti imefifia, lakini haikufa. Na wapo wanaredio wengi duniani ambao hujifunga kwa hiari yao wenyewe wasivuke wati 5, wakaongea na mabara yote.

Antena ina hesabu yake nyingine. Antena iliyo nyepesi kuliko zote ni waya wa shaba uliokatwa katikati, ukafungwa kebo pale ulipokatwa, ukatundikwa juu. Urefu wake hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa ya megahezi: kwa megahezi 14.1 ni kiasi cha mita 10, mita tano kila mkono. Kwa megahezi 7 ni kiasi cha mita 20. Bei yake ni ya waya, kebo na kamba, na mlingoti wake waweza kuwa mnazi. Wazee wa mwambao waliokuwa wakizitafuta idhaa za mbali usiku, wakaufunga waya dirishani na kuupandisha mtini, walilijua jambo hili kwa mikono yao. Mwenye uwezo zaidi hujenga antena ya mfano wa mifupa ya samaki, jamaa wa zile zilizojaa juu ya mapaa kwa ajili ya televisheni, lakini kubwa mno kuliko hizo. Hiyo hukusanya nguvu upande mmoja na kuziba masikio yake kwa kelele za upande wa nyuma.

Ndani ya hesabu hizi mbili pana tofauti ambayo si ya bei. Antena hufanya kazi kwa sura moja inapotoa na inapopokea. Kila senti iliyotiwa katika kuinyanyua, kuinyoosha au kuiweka mahali pazuri, humwezesha mwenyewe kusikika vizuri zaidi na, kwa kipimo kile kile, humwezesha kuwasikia wengine. Hakuna namna ya kuiongeza antena ya kawaida sauti bila ya kuiongeza na usikivu. Amplifaya haiko hivyo. Amplifaya ni mdomo mtupu: humfikisha mtu mahali ambako yeye mwenyewe hapasikii. Wanaredio wa Marekani wana jina la utani kwa mtu wa namna hii. Humwita mamba, kwa kuwa ana kinywa kikubwa na masikio madogo. Huita na kuita, wengi humjibu, naye haachi kuita kwa kuwa hakumsikia hata mmoja.

Historia ya shughuli hii ina ushahidi juu ya suala hili. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma wanaredio wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, kwa imani kwamba mawimbi hayo hayana thamani kwa masafa marefu. Lilikuwa fungu la wanyonge, kama kipande cha shamba kisichoota kitu. Mapema mwaka 1921 wanaredio wa Marekani walijaribu kuivuka Atlantiki kwa fungu hilo. Walirusha ishara usiku baada ya usiku, na Uingereza hakukupatikana mtu wa kuthibitisha kuwa amezisikia. Wepesi wa fikra ungesema: ongezeni nguvu. Jumuiya yao ilifanya jambo jingine. Ilimtuma mtu.

Mtu huyo alikuwa Paul Godley, fundi hodari wa vipokezi. Mwezi wa Novemba 1921 alipanda meli akavuka bahari akiwa amebeba vyombo vyake vya kusikilizia. Alipoiona London imejaa makelele ya mawimbi, alikwenda hadi Ardrossan, pwani ya magharibi ya Uskochi, akapiga hema kiwanjani karibu na bahari, katika mvua na upepo wa Disemba, akatandaza waya wa mamia ya futi kuelekea Marekani. Hakuwa na kitu cha kurusha. Alikuja na masikio tu. Katika usiku wa siku chache alizisikia stesheni za Marekani zaidi ya ishirini, na kupitia mojawapo, iliyojengwa Greenwich katika jimbo la Connecticut kwa nguvu ya kiasi cha kilowati moja, alipokea barua kamili ya maneno. Ni kweli kwamba stesheni hiyo ilijengwa kwa ustadi mkubwa, na Edwin Armstrong alikuwa miongoni mwa waliosaidia. Lakini nyingi katika zile alizozisikia zilikuwa za watu wa kawaida. Kilichobadilika zaidi baina ya mwanzo wa mwaka na mwisho wake ni yule aliyekaa upande wa pili akisikiliza.

Mlango ulipofunguka haukufungika tena. Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, alizungumza na Wamarekani wawili kwa mawimbi ya kiasi cha mita 110, ishara zikienda na kurudi. Tarehe 18 Oktoba 1924 Frank Bell, katika shamba lao la kondoo huko Shag Valley, New Zealand, aliwasiliana na Cecil Goyder, mwanafunzi wa skuli ya Mill Hill, London, karibu nusu ya mzunguko wa dunia. Fungu la wanyonge likawa ndilo lenye hazina, kwa kuwa tabaka za juu za anga huyarudisha mawimbi mafupi ardhini, mbali na yalikotoka. Anga ndiyo iliyofanya kazi ambayo mabwana wa stesheni kubwa walidhani itafanywa na nguvu.

Hapa ndipo unapofunguka ule mlango wa pili wa ridhaa. Anga si mali ya mtu. Masafa ni membamba, watu ni wengi, na anayeongea mahali pamoja huwazuia wengine wasiongee hapo, si mtaani kwake tu bali pengine katika mabara matatu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana adabu ya kwanza ya mwanaredio ni kunyamaza akasikiliza, kisha akauliza kama masafa yana mtu, akangoja, akauliza tena. Mswahili hahitaji kufundishwa adabu hii. Ni hodi, na hodi hupigwa mara tatu. Kanuni za kimataifa nazo zimeliandika jambo hilo kwa lugha ya sheria: kila stesheni inayorusha itumie nguvu ya kadiri inayohitajika tu ili huduma ipatikane vizuri, isizidi. Sheria ya Marekani, nchi inayoruhusu wati 1,500, inamtaka vilevile mwanaredio atumie nguvu ndogo kabisa itakayotimiza mazungumzo anayoyataka. Kikomo ni jambo moja, na haja ni jambo jingine. Ruhusa ya kufika ukutani si amri ya kwenda kuugonga.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Methali hii imezoeleka kusomwa kama nasaha kwa mnyonge ajiepushe na balaa. Lakini inaweza kusomwa pia kama hukumu juu ya mwenye nguvu: amepishwa, hakupendwa, njia ni nyeupe kwa sababu watu wamekimbia. Hewani hali ni hiyo hiyo. Ishara nzito ikiangukia juu ya mazungumzo ya watu, wao huondoka, naye aliyekuja hudhani kwamba alipakuta patupu. Huyo huenda hana ubaya wowote wa moyo. Ubaya wake ulinunuliwa, siku ile alipoweka fedha zote kinywani asibakishe za masikio.

Zipo hoja za upande wa pili, na zinastahiki kusikilizwa. Ya kwanza ni ya dharura. Disemba 2004 mwanaredio wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikuwa na wenziwe Port Blair, katika visiwa vya Andaman, wakiwapa wanaredio wa dunia nafasi ya kuzungumza na visiwa ambavyo ni nadra kusikika. Asubuhi ya tarehe 26 ardhi ilitetemeka na tsunami ikavipiga visiwa. Mawimbi ya bahari hiyo hiyo yalifika siku ile ile hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Simu zilikatika, na stesheni iliyofunguliwa kwa ajili ya starehe ikageuka njia ya kupitishia habari za waliosalimika na wanaotafutwa. Je, siku kama hiyo nani atamlaumu mwenye mtambo mzito? Hakuna, wala kanuni haimlaumu, kwani kadiri inayohitajika siku ya msiba si ile ya siku ya mazungumzo ya kawaida. Lakini itazamwe vilevile desturi ya wanaredio panapotokea dharura: kitendo cha kwanza cha wengine wote ni kunyamaza na kuyaacha masafa. Msaada mkubwa kuliko wote unaotolewa na walio wengi ni ukimya wao. Asiyezoea kusikiliza atajuaje kwamba wakati wa kunyamaza umefika?

Hoja ya pili ni ya tajiri. Yupo mwenye shamba kubwa, minara mirefu na antena nyingi. Naye pia ahesabiwe kuwa mkosa? Sivyo. Mnyonge mwenye wati 5 na waya juu ya mti hufanikiwa mara nyingi kwa sababu upande wa pili yuko mtu mwenye masikio makubwa, aliyetumia fedha nyingi ili aweze kuisikia sauti iliyokaribia kuzama ndani ya kelele. Tajiri huyo ni mfadhili, na ufadhili wake ni wa heshima, kwa kuwa anayefadhiliwa hajui hata kwamba amebebwa. Hujiona tu kuwa amefika. Mali haina lawama. Lawama iko kwenye mahali ilipowekwa.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni ya mtu wa mjini. Anakaa chumba cha ghorofani, hana ua wala mti, na pande zote zimemzunguka taa za kisasa, chaja za simu na vigeuzi vya umeme wa jua, vyote vikitoa kelele zinazoingia moja kwa moja katika kipokezi chake. Huyu hakuchagua uziwi, amevishwa. Kumwambia anunue antena kubwa ni kumkejeli. Afanyeje, naye ana sauti na hana sikio?

Jibu kwa watu wa visiwani liko karibu, na halina bei. Antena ya kusimama wima, fimbo au waya wa mita tano kwa megahezi 14, ikiwekwa ukingoni mwa maji ya chumvi hupata msaada ambao mafundi wa bara hawaupati kwa waya wala kwa fedha. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mno kuliko udongo, na mawimbi yanayoondoka au kuingia karibu na upeo wa macho, ambayo ndiyo yanayotoka na kwenda mbali, huhifadhiwa badala ya kumezwa na ardhi. Ndiyo sababu mojawapo ya wanaredio wa nchi za nje kubeba mitambo midogo na kutafuta fukwe kama hizi zilizopo Unguja na Pemba. Mtu wa mjini, akiwa na mtambo mdogo, betri na fimbo yake, akashuka ufukweni jioni mbali na nyaya za nyumba, hukuta kelele zimebaki nyuma, na bahari imempa sikio na sauti kwa pamoja. Hii nayo ni kanuni ya uchaguzi: mtambo mwepesi unaobebeka waweza kuwa bora kwake kuliko mzito unaomfunga chumbani, kwa kuwa unampa uhuru wa kwenda mahali anapoweza kusikia.

Limezuka pia suala ambalo wazee wa shughuli hii hawakulijua. Mwaka 2017 Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1993, pamoja na Steven Franke, walitoa mfumo uitwao FT8, ambao kompyuta mbili hupeana alama za wito na vipimo vya ishara kwa vipindi vya sekunde 15, hata pale ambapo sikio la binadamu halisikii ila mvumo. Kwa mwenye antena duni na nguvu ndogo, ni rehema kubwa. Lakini mfumo huo unaitenga sehemu moja ya usikivu na nyingine. Kupokea kumekuwa kukubwa kuliko wakati wowote, na kusikiliza kwaweza kupungua mpaka kusiwepo: mashine inaijibu mashine, na wenyewe wako jikoni. Mfumo hauna kosa, kama vile kisu hakina kosa. Ila anayeuchagua afahamu kwamba amenunua ushahidi wa kufika, na mazungumzo yangali yanamngoja.

Hapo ndipo unapobaki mlango wa tatu, wa kutosheka. Biashara ya vyombo huishi kwa kumwambia mtu kwamba alichonacho hakitoshi, na mwanaredio ni mwepesi wa kushawishika, kwa sababu ukimya wa hewani una maelezo mengi. Ameita, hakujibiwa: labda mtambo ni mdogo. Huenda anga ya saa ile haikuwa wazi. Huenda waya umelala chini mno. Huenda mwenziwe amejibu na yeye hakumsikia. Kati ya sababu hizi, ni moja tu inayotibiwa dukani, nayo ndiyo inayofikiriwa mwanzo. Aliyeufunga waya wake kwa mkono, akaupima, akaukata, akaunyanyua tena, huwa na subira zaidi, kwa kuwa anajua kila kitu kimesimama wapi na anaweza kuuliza swali kabla ya kutoa fedha.

Kwa hivyo mpango wa fedha ukifuata mpango wa adabu, unakuwa huu: kipokezi kizuri katika mtambo wa kawaida, hata ukiwa umetumika, kisha waya, kebo nzuri na mahali pa juu au pa karibu na maji, kisha muda mrefu wa kusikiliza, ambao haununuliwi, na amplifaya ije mwisho, baada ya mtu kuthibitisha kwamba wapo anaowasikia vyema nao hawamsikii. Wengi wakifika hapo hukuta kwamba haja yenyewe imekwisha. Wachache hukuta haja ipo, nao wanunue bila ya haya, kwani wameshajua ni nani wanayetaka kumfikia, na wameshamsikia akiita.